Ufunguo wa Kiwandani

Shangazi yangu anaishi Ngamiani, Tanga, katika nyumba yenye mlango wa mninga, vitasa viwili na komeo la chuma kwa ndani. Madirisha yote yana nondo. Kila siku baada ya isha huchukua kurunzi akazunguka nyumba, akavuta kila komeo kwa mkono wake mwenyewe, hata kama ndani mna vijana watano wa kumfanyia kazi hiyo. Hajawahi kuibiwa, na sababu anaijua.

Mwaka jana nilipita kumjulia hali. Mwanawe aliyeko Muscat alikuwa amemwekea intaneti ya nyumbani ili waonane kwa simu bila kuhesabu bando, pamoja na kamera ndogo juu ya geti ili aweze kuona nani anaingia kwa mama yake. Kisanduku cha intaneti kilikaa nyuma ya televisheni, kimefunikwa kitambaa cha kufuma kama kinavyofunikwa kitu cha thamani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja wakati mzuri. Hebu niangalizie hili dude. Kamera imegoma tangu juzi."

Nikafunua kitambaa, nikakigeuza kisanduku. Chini yake palikuwa na stika ya kiwandani: anwani 192.168.1.1, jina la mtumiaji admin, nywila admin. Niliandika ile anwani kwenye kivinjari cha simu, nikajaza neno lile lile mara mbili, nikawa ndani. Pale ningeweza kuzima intaneti ya nyumba nzima, kuona simu za nani zimeunganishwa, au kuibadilisha mipangilio ili anayetafuta tovuti ya benki yake apelekwe kwenye tovuti ya matapeli. Kamera ya getini nayo ilikuwa na ufunguo wa aina hiyo hiyo. Fundi aliyefunga vyombo vile alikuwa ameondoka miaka mitatu nyuma, na maagizo aliyomwachia mwenye nyumba yalikuwa mafupi: asiguse.

Sura hii inahusu kisanduku hicho, yaani ruta. Watu wanaoniuliza kuhusu usalama wa kompyuta nyumbani karibu wote huanza na antivairasi: ninunue ipi? Swali hilo si baya, na tutalifikia. Lakini ni kama kuulizia mbwa wa ulinzi wakati geti halina kufuli. Kila kinachoingia na kutoka kwenye simu, kompyuta, televisheni na kamera za nyumba hupitia kwenye ruta, na ndicho chombo pekee ndani ya nyumba ambacho hakuna anayekumbuka kukiangalia mpaka intaneti ikatike.

Orodha ya vijana watatu

Mwezi Septemba 2016, tovuti ya Brian Krebs, mwandishi wa Marekani anayechunguza uhalifu wa mitandaoni, ilishambuliwa kwa mafuriko ya data yaliyofikia takriban gigabiti 620 kwa sekunde. Chukua nyumba yenye intaneti ya megabiti 20: mafuriko hayo yangetosha kuziba njia za nyumba 31,000 kwa mpigo. Wataalamu walipofuata mkondo kujua maji yanatoka wapi, walikuta kamera za ulinzi, vinasa video vya kamera hizo, na ruta za majumbani. Vilikuwa vyombo vya watu wa kawaida, vimetundikwa kwenye kuta zao, vinaendelea na kazi zao za kila siku huku vikitumikia bwana mwingine.

Programu iliyoviteka iliitwa Mirai, neno la Kijapani lenye maana ya wakati ujao. Waandishi wake walikuwa vijana watatu wa Kimarekani, Paras Jha, Josiah White na Dalton Norman. Mmoja wao, Jha, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rutgers. Walianzia kwenye ugomvi wa biashara: kuna watu wanaokodisha seva za mchezo wa Minecraft kwa pesa nzuri, na ukiangusha seva za mshindani wako, wachezaji wake watahamia kwako.

Namna Mirai ilivyofanya kazi inafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu haikuwa na uchawi wowote. Anwani za intaneti za mfumo wa kawaida ni kama bilioni 4.3. Kila chombo kilichotekwa kilianza kubisha hodi kwenye anwani hizo bila mpangilio, kikitafuta chombo kingine kinachoitikia kupitia Telnet, njia ya kizamani ya kuamrisha mashine kutoka mbali. Kikiitikiwa, kilijaribu jina la mtumiaji na nywila kutoka kwenye orodha iliyoandikwa ndani yake. Orodha hiyo ilikuwa na jozi 60 na chache. Admin na admin. Root na 12345. Hizo ndizo nywila ambazo viwanda vilikuwa vimepachika kwenye mamilioni ya vyombo, kila chombo cha aina moja na ufunguo ule ule. Jozi ikikubali, anwani na nywila yake vilitumwa kwenye seva ya wakubwa, na dakika chache baadaye chombo kipya kilikuwa kimeingia jeshini, nacho kinabisha hodi kwa wengine.

Kwa funguo hizo tu, bila kuvunja hata kufuli moja, Mirai ilipofikia kilele ilikuwa na vyombo takriban 600,000.

Tarehe 30 Septemba 2016 waandishi wake, wakihofia kukamatwa, waliimwaga programu yenyewe hadharani ili isiwe mali ya mtu mmoja. Wengine wakaiokota. Tarehe 21 Oktoba mafuriko yalielekezwa kwa Dyn, kampuni ya New Hampshire iliyokuwa ikitunza sehemu ya daftari la majina ya intaneti, lile linalotafsiri jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Twitter, Netflix, Spotify na tovuti nyingine kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa, hasa upande wa mashariki wa Marekani. Seva zao zilikuwa nzima. Hakukuwa na wa kuelekeza njia.

Afrika haikukaa pembeni. Mwingereza mmoja, Daniel Kaye, alitumia jeshi la namna hiyo kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia, akilipwa na mtu wa kampuni pinzani. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo huo, katika jitihada za kuongeza askari, alijaribu kuteka ruta za wateja wa Deutsche Telekom kupitia mlango wa matengenezo. Ruta hazikutekeka, ila zililemewa zikazima, na wateja takriban 900,000 wa Ujerumani wakakosa huduma. Kaye alihukumiwa London mwezi Januari 2019 kifungo cha miezi 32. Wale vijana watatu walikiri makosa yao mwaka 2017, na adhabu yao ilikuwa miaka 5 chini ya uangalizi wa mahakama, saa 2,500 za kazi ya jamii, na fidia.

Nimeirefusha habari hii kwa sababu ya sentensi ambayo nimeisikia kwenye kila sebule niliyokaa kuzungumzia jambo hili: "Mimi nina nini cha kuibiwa?" Mwenye kuuliza hivyo anamwazia mwizi wa mtaani, anayechagua nyumba baada ya kuona gari limeegeshwa. Mirai haikuchagua nyumba ya mtu. Ilibisha kwenye kila mlango duniani na kuingia penye kuitikia. Haikutaka picha za harusi wala mafaili ya kazi. Ilitaka nguvu ya umeme na intaneti ya mwenye nyumba ili impige mtu mwingine, na mtu huyo mwingine anaweza kuwa hospitali, shule, au kampuni ya simu ya nchi nzima. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba ruta yangu ni shauri langu mwenyewe. Mbwa wangu akimng'ata jirani, siwezi kusema kwamba mimi hakunidhuru.

Wenye kutunga sheria wameanza kuliona hilo. California, tangu 1 Januari 2020, inataka kila chombo cha kuunganishwa na intaneti kiuzwe kikiwa na nywila yake pekee au kimlazimishe mnunuzi kuweka mpya. Uingereza ilianza kukataza nywila za kiwandani za pamoja tarehe 29 Aprili 2024. Mnunuzi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue anastahili ulinzi huo huo, na ningefurahi kuona mamlaka zetu za mawasiliano zikiukazia kamba. Mpaka hapo, kazi ya kubadilisha ufunguo ni ya mwenye nyumba.

Nywila mbili zinazochanganywa

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na fundi mwenye haraka huwaacha wapotee. Ruta ina nywila mbili, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni ya waifai, ile unayompa mgeni akitaka kuingia mtandaoni. Ya pili ni ya usimamizi, inayofungua ule ukurasa wa 192.168.1.1 (kwenye ruta nyingine ni 192.168.0.1, au 192.168.8.1 kwa zile za kadi ya simu, stika itakuambia). Mtu atabadilisha ya waifai, aridhike, na kuiacha ya usimamizi kama ilivyotoka kiwandani. Hapo kila aliyepewa waifai, awe mtoto wa jirani au mpangaji aliyehama mwaka juzi, anaweza kujifanya bwana wa ruta. Hata programu chafu iliyoingia kwenye simu ya mgeni inaweza.

Kwa hiyo ingia kwenye ukurasa ule leo. Tafuta sehemu ya nywila ya msimamizi, uibadilishe. Ukiwa humo humo, angalia kama kuna kifungu cha usimamizi wa kutoka nje, yaani ruhusa ya kuiamrisha ruta ukiwa nje ya nyumba. Kizime. Sijaona nyumba iliyokihitaji.

Kuhusu nywila ya waifai nina ugomvi na mazoea yetu. Nyumba nyingi nilizoingia, nywila ni namba ya simu ya baba au ya mama. Inakumbukika, na ina tarakimu 10 kwa hiyo inaonekana ndefu. Tuipigie hesabu. Namba ya simu ya Tanzania inaanza na 06 au 07, kwa hiyo zinazobaki kubahatishwa ni tarakimu 8, yaani namba milioni 100 kwa kila mwanzo. Mdukuzi wa waifai hahitaji kusimama dirishani kwako akijaribu moja moja. Simu yako inapojiunga na ruta, viwili hivyo husalimiana hewani kwa namna inayothibitisha kwamba vyote vinajua nywila bila kuitaja. Mtu aliye barabarani anaweza kuinasa salamu hiyo, akaondoka nayo, na kuendesha ubahatishaji kwake kwa nafasi. Kompyuta moja yenye kadi ya michoro ya hali ya juu, aina wanayotumia wacheza gemu, inaweza kujaribu kiasi cha milioni 1 kila sekunde. Namba milioni 100 zitaisha chini ya dakika 2. Na huo ni ubahatishaji wa mtu asiyekujua. Sisi tunaogawa namba zetu kila siku ili tutumiwe pesa, tumeshaimaliza kazi kwa niaba yake.

Dawa ni urefu, na urefu hauhitaji kuwa mateso. Chagua maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, uyaunganishe: mwiko, reli, zambarau, kinyonga. Ukiyachagua kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ya maneno 7,776, ambayo ni idadi ya majibu ya kurusha dadu mara tano, michanganyiko ya maneno manne inazidi trilioni 3,600. Ile kompyuta ya majaribio milioni 1 kwa sekunde itahitaji zaidi ya miaka 100 kuimaliza yote. Usitumie methali. Methali ni ndefu, lakini inajulikana, na orodha za wadukuzi zinakusanya semi za kila lugha. Jina la timu na mwaka iliochukua ubingwa nalo ni vivyo hivyo.

Ukiwa kwenye mipangilio ya waifai, hakikisha ulinzi uliochaguliwa ni WPA2 au WPA3. Ukikuta WEP, ruta hiyo ni ya kustaafu: udhaifu wa WEP ulianikwa mwaka 2001, na sasa kuivunja ni kazi ya dakika.

Kisha kuna kitufe cha WPS, na hiki nitakieleza kwa sababu kinafundisha jinsi kosa dogo la hesabu linavyobomoa ukuta mzima. WPS ilibuniwa kumwondolea mtu kazi ya kuandika nywila ndefu. Badala yake unaandika namba ya siri ya tarakimu 8. Tarakimu 8 zingekuwa michanganyiko milioni 100, na kwa kuwa hapa lazima ujaribu kwenye ruta yenyewe, ambayo ni ya polepole, hilo lingekuwa jambo la miaka. Lakini mwezi Desemba 2011, Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta inakagua tarakimu 4 za mwanzo peke yake na kukujibu kama zimekosewa, kabla ya kugusa zilizobaki. Na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, inatokana na zile 7. Basi mdukuzi ana majaribio 10,000 kwa nusu ya kwanza na 1,000 kwa nusu ya pili. Milioni 100 zimekuwa 11,000. Hiyo ni kazi ya saa chache kwa ruta isiyojilinda. Izime WPS, utaandika nywila mara moja kwa kila simu na yataisha.

Daka, ua na chumba cha mgeni

Waliojenga nyumba za mawe za Lamu walilifikiria suala la nani aone nini kwa undani ambao mimi huuonea fahari. Mpita njia anaishia kwenye daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe. Akiruhusiwa kuingia, njia inapinda kabla ya kufika kwenye ua, ili hata mlango ukiwa wazi aliye nje asione ndani. Mgeni wa kulala ana chumba chake, sabule, kilichojitenga na vyumba vya familia. Anakirimiwa kwa heshima zote bila kukatiza mahali wanapolala wenyewe.

Ruta inaweza kujengwa hivyo. Ule mpindo wa njia tayari umo: ruta huvipa vyombo vya nyumbani anwani za ndani, na nje inaonekana anwani moja tu. Anayebisha kutoka nje bila kuitwa hafiki popote, kwa kuwa ruta haijui ampeleke chumba gani. Sasa utauliza, kamera zile za Mirai zilifikiwaje? Nyingine zilikuwa hazina ruta mbele yake. Nyingine zilifunguliwa mlango na fundi ili mwenye nyumba azitazame akiwa kazini. Na kuna huduma iitwayo UPnP, ambayo kwa ruta nyingi huja ikiwa imewashwa, inayokiruhusu chombo chochote cha ndani kuiomba ruta itoboe tundu ukutani, nayo hutoboa bila kumuuliza mtu. Izime uone. Kama kuna kitu kitakataa, mara nyingi gemu la watoto, utaamua kwa kujua.

Kamera nyingi za siku hizi hazihitaji tundu. Zenyewe hupiga simu kwenye seva ya mtengenezaji, nawe unaziona kupitia programu ya simu. Hapo ulinzi umehamia kwenye akaunti: nywila isiyotumika kwingine, na uthibitisho wa hatua mbili kama unapatikana. Kwa maoni yangu, kamera ya ndani ya nyumba isiwekwe chumbani hata kwa dawa. Ya getini inatosha.

Kisha sabule. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, waifai ya pili yenye jina lake na nywila yake, inayofika intaneti lakini haifiki kwenye vyombo vya familia. Wengi huiona kama kitu cha hoteli. Mimi naiona kuwa ndiyo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote kwa nyumba zetu, ambazo hazikauki wageni. Mpe mgeni nywila kwa moyo mweupe, kwa sababu sasa unampa chumba chake. Na humo humo weka kamera, televisheni janja na kila kifaa cha bei rahisi ambacho huna hakika nacho. Usumbufu utakaouona ni mmoja: simu iliyo kwenye mtandao wa familia huenda isiweze kurusha video kwenye televisheni iliyo kwa wageni. Nimeishi na usumbufu huo, unavumilika.

Virusi huingia kwa mkono wa mwenyeji

Kuanzia tarehe 12 Mei 2017, kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150 zilifungwa na programu iliyoitwa WannaCry. Mafaili yalisimbwa yasisomeke, na kwenye kioo pakatokea dai la dola 300 kwa bitikoini. Uingereza, hospitali za umma zilirudisha wagonjwa nyumbani. Ilikuwa ni mnyoo: ikiingia kwenye kompyuta moja, hutafuta nyingine kwenye mtandao ule ule na kuingia bila mtu kubonyeza chochote. Ilisimama pale Marcus Hutchins, kijana wa Kiingereza, alipogundua kwamba inaulizia jina la tovuti lisilokuwepo. Akalisajili, na mnyoo ukakoma kuenea.

Linaloniuma katika kisa hiki ni tarehe. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu lile tarehe 14 Machi, siku 59 kabla. Kompyuta iliyokuwa imesasishwa haikuguswa.

Kwetu hapa, sababu ya kutosasisha ninaijua na siidharau: bando. Kwa miaka mingi sasisho la Windows lilimaanisha kulala na gigabaiti mbili na kuamka huna kitu, kwa hiyo tulijifunza kulizima, na mafundi wa kompyuta walilizima kwa wateja wao kama huduma nzuri. Wengi waliohamia intaneti ya mwezi mzima isiyohesabu bado wana kompyuta zilizozimwa masasisho enzi hizo. Ukitoka kwenye sura hii na jambo moja la kufanya kwenye kompyuta yenyewe, basi washa masasisho tena. Na ruta nayo husasishwa, kwenye ukurasa ule ule wa usimamizi. Mwezi Mei 2018, baada ya programu chafu ya VPNFilter kukutwa kwenye vyombo 500,000 au zaidi, vingi vikiwa ruta, FBI ilifika hadi kuwaomba watu wa kawaida wazime na kuwasha ruta zao. Ruta ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho, ibadilishe hata kama inafanya kazi.

Antivairasi, sasa. Windows 11 ina ya kwake ndani, Defender, na kwa nyumba ya kawaida inatosha ikiwa haijazimwa. Nani huizima? Mara nyingi ni sisi wenyewe, tunapopakua programu ya kulipiwa iliyovunjwa ufunguo, na maelekezo yake yanasema zima antivairasi kwanza. Tafadhali soma tena agizo hilo kama ambavyo ungelisoma likitoka kwa mgeni mlangoni: nifungulie, ila mfunge mbwa kwanza. Sijui njia nyingine ambayo imeingiza virusi vingi kwenye kompyuta nilizokarabati, isipokuwa flashi zinazotoka steshenari kwenda nyumbani na kurudi.

Njia ya tatu ni barua. Mei 2000, ujumbe wenye kichwa kinachosema nakupenda ulizunguka dunia kutoka Manila, Ufilipino. Uliandikwa na Onel de Guzman, mwanafunzi aliyeeleza baadaye kwamba alitaka kuiba nywila za intaneti kwa kuwa hakuwa na pesa za kulipia yake. Faili lililoambatanishwa lilionekana kuishia na .txt, kama barua ya kawaida. Mwisho wake halisi, .vbs, ulifichwa na Windows, na huo ndio uliolifanya programu. Windows bado huficha miisho hiyo usipoiambia vinginevyo. Kwenye mipangilio ya mafolda kuna kisanduku cha kuficha miisho ya majina. Kiondolee alama ya tiki, na faili linalojiita risiti.pdf litajitaja lenyewe kuwa risiti.pdf.exe.

Hata hivyo, siku moja kitu kitapita. Kwa siku hiyo, nunua diski ya nje, nakili picha, vyeti na kazi zako mara moja kwa mwezi, kisha uichomoe. Kuichomoa ndiyo kiini cha jambo. Programu za kuteka mafaili husimba pia kila diski zinayoikuta imechomekwa, na akiba iliyobaki kwenye kompyuta itatekwa pamoja na kompyuta.

Kule Ngamiani kazi yote ilichukua chini ya saa moja. Tulibadilisha nywila ya usimamizi, tukazima WPS na UPnP, tukahamishia kamera kwenye mtandao wa wageni na kuipa nywila yake. Kamera ikaamka. Maneno manne ya waifai aliyachagua shangazi mwenyewe, na moja lilinishangaza, lakini siwezi kulitaja. Aliyaandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi, akaikunja na kuiweka kwenye sanduku lenye hati ya nyumba. Wataalamu wengi humkataza mtu kuandika nywila. Mimi nilimwambia amefanya vizuri, maana anayebisha hodi kutoka bara jingine hawezi kufungua sanduku la chuma lililo chini ya kitanda Tanga.

Nikamwambia yote yamekwisha, nikaomba chai. Hakuondoka pale nyuma ya televisheni. Alikuwa ameshika stika mkononi, ile niliyoibandua, akiitazama kwa mbali kama wanavyosoma watu wa umri wake.

"Fundi aliyeniwekea mimi," akasema, "ndiye aliyemwekea Mama Salma, na Mzee wa duka, na wale walimu wa nyumba ya kona."

"Wote?"

"Wote, siku moja. Alikuja na visanduku kwenye kiroba."

Akajitanda kanga, akachukua kurunzi ingawa ilikuwa saa kumi za jioni. Chai, akasema, tutakunywa kwa Mama Salma.